Kwa nini mkate wa kuchoma unalowa mara tu ukipakuliwa maharage na mboga juu yake?

#1 Bi Shangani

Habari za jioni wanajukwaa. Ninakaa Shangani, Mtwara Mjini, na siku za kazi ninafika nyumbani jua likiwa limezama, hivyo chakula changu cha haraka ni slesi za mkate zilizochomwa, na juu yake maharage yaliyochemshwa tangu siku iliyotangulia, yakaungwa upya kwa kitunguu, nyanya, hoho na karoti, na mchicha ukipatikana. Nyama sili, na samaki ninampikia mgeni tu, kwa hiyo kwangu mlo huu si wa kubahatisha.

Jambo linalonishinda ni hili: mkate ninauepua ukiwa mkavu kiasi kwamba kisu kinaukwaruza kwa sauti, lakini nikishaupakulia maharage na kuufikisha mezani, umekwisha kulowa na unakatikia mkononi. Nimeongeza moto, nimepunguza mchuzi, nimebadilisha duka la mkate, na hali ni ileile. Sitafuti mapishi mapya; ninatafuta sababu. Je, lawama ni ya mkate, ya maharage au ya jiko?

#2 Mzee wa Mikindani

Binti yangu, lawama ni ya mkate, usitafute mchawi mwingine. Mkate wa slesi unaouzwa madukani umetiwa sukari na mafuta ili ubaki laini kwa siku kadhaa. Sukari hubadilika rangi mapema motoni, kwa hiyo unauona mkate umekuwa wa kahawia ukadhani umekauka, kumbe ndani bado una maji yake. Na mkate wa ngano, hata ule unaoonekana mkavu, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji. Nunua boflo isiyo tamu, iache ilale, na kesho yake uikate mwenyewe vipande vya unene wa sentimita 2, uvipange juu ya wavu kwenye makaa yaliyokwisha kufifia na kuvigeuza polepole. Moto mkali unapaka rangi tu, haukaushi.

#3 Mwalimu wa Ruangwa

Shikamoo Mzee wa Mikindani. Hoja ya boflo iliyolala ninaipokea, lakini haijibu kwa nini mkate uliokuwa mkavu jikoni unalowa ukiwa njiani kwenda mezani. Maji yanayoulowesha hayatoki ndani ya mkate. Yanatoka juu yake.

Maharage ya kuungwa kwetu yanapikwa ili yaliwe na wali au ugali, na vyakula hivyo vinahitaji mchuzi. Mkate wa kuchoma una matundu mengi yaliyokauka, na tundu kavu linafyonza chochote chepesi kinacholigusa. Waingereza, ambao maharage juu ya mkate wa kuchoma ni chakula chao cha kila siku, wanatumia maharage meupe madogo ya kopo, na sosi yake ya nyanya imekolezwa kwa wanga wa mahindi, ndiyo maana inakaa juu ya mkate badala ya kuzama. Kopo za Heinz zilianza kuuzwa London mwaka 1886, katika duka la Fortnum & Mason, zikiwa bidhaa ya kifahari kutoka Marekani; leo ni chakula cha mwanafunzi.

Kwa hiyo, Bi Shangani, chukua theluthi ya maharage yako uyaponde kwa mwiko humo humo kwenye kikaango. Wanga wake utakamata mchuzi. Endelea kukoroga bila kufunika hadi ukipitisha mwiko katikati, njia yake ibaki wazi kwa kitambo kabla rojo halijajirudi. Likijirudi papo hapo, bado ni mchuzi.

#4 Dada wa Ligula

Nina swali moja kabla hatujamhukumu mtu. Ukishapakua, chakula unakifunika?

#5 Bi Shangani

Asanteni. Dada wa Ligula, ninafunika kwa kawa, kwa sababu jikoni ni nje na nzi hawana simile. Mwalimu, maharage ninayaponda kidogo tayari, ingawa si theluthi nzima. Mzee wangu, boflo isiyo tamu hapa mjini inatafutwa kwa tochi.

#6 Dada wa Ligula

Basi jibu limekwisha kupatikana, na halimhusu mwokaji wala mpishi wa maharage. Mkate wa moto unaendelea kutoa mvuke baada ya kuepuliwa. Ukiuweka juu ya sahani baridi, mvuke wa upande wa chini unagota kwenye sahani na kugeuka maji. Ukiufunika kwa kawa, na wa juu nao unakosa pa kwenda, ukijumlishwa na mvuke wa maharage yanayofuka. Mkate chini ya kawa ni nguo mbichi iliyokunjwa sandukuni. Usimamishe slesi zako zikiwa zimeegemeana, au uziache juu ya wavu hadi zipoe kidogo, kisha ndipo upakue, tena mezani, si jikoni.

Mwalimu wa Ruangwa amesema maji yanatoka juu. Mimi ninasema upande unaolowa kwanza ni wa chini. Bi Shangani ageuze slesi aangalie.

#7 Fundi wa Chuno

Mnajadili sahani na kawa huku mkisahau tunaishi wapi. Hewa ya pwani hii, hasa masika, inashikamanisha chumvi ndani ya chombo, na biskuti zilizofunguliwa asubuhi jioni zimekwisha kulegea. Kitu chochote kilichokaushwa kinavuta unyevu wa hewa hata kama hakijaguswa na mchuzi. Halafu kuna suala la jiko: gesi inapoungua inazaa mvuke wa maji, na mkate unaochomwa juu ya mwali wa gesi unapokea mvuke huo, ilhali makaa, kwa kuwa karibu yote ni kaboni, yanatoa joto kavu. Bi Shangani, unatumia jiko gani?

#8 Bi Shangani

Gesi, kikaango kikavu bila mafuta.

#9 Fundi wa Chuno

Nilijua.

#10 Mwalimu wa Ruangwa

Fundi, usishangilie mapema. Biskuti zako zinachukua saa nyingi kulegea, wakati mkate wa Bi Shangani unalowa kabla hajavuta kiti. Unyevu wa hewa haufanyi kazi kwa kasi hiyo. Kuhusu gesi, ni kweli inazaa mvuke, lakini yeye anachoma ndani ya kikaango, kwa hiyo mwali uko chini na mvuke wake unapanda pembeni bila kuugusa mkate. Hoja yako ingekuwa na nguvu kama angechoma juu ya mwali ulio wazi.

#11 Mpishi wa Zamu

Ninapika kwenye mkahawa mdogo Lindi Mjini, na mlo wa aina hii tunauuza asubuhi kwa wasafiri. Hakuna aliyetaja nyanya. Nyanya mbichi karibu yote ni maji, na mara unapoitia chumvi, chumvi inayavuta maji hayo nje. Mpishi anayetia chumvi mwanzoni, akafunika kikaango ili mboga ziive haraka, anatengeneza supu bila kujua. Hoho na karoti si tatizo. Tatizo ni nyanya na mchicha.

Utaratibu wetu ni huu. Kitunguu kinakaangwa kwanza hadi kipate rangi. Nyanya inafuata peke yake, ikiwa imekatwa vipande vidogo na kutolewa mbegu pamoja na ule ute wake, moto ukiwa juu na kikaango kikiwa wazi, hadi mafuta yajitenge. Ndipo yanaingia maharage yaliyochujwa, pamoja na kitunguu saumu na bizari nyembamba kidogo. Mchicha unachovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja, unakamuliwa kwa mkono hadi usitoe tone, unakatwakatwa na kuingizwa mwisho. Karoti inaparwa, na hoho inabaki mbichi juu, kwa ajili ya kutafunika. Chumvi ni ya mwisho kabisa. Ukiwa na maharage yaliyokwisha kuchemshwa, kazi yote haizidi robo saa.

#12 Binti Masasi

Mpishi wa Zamu, mama yangu anafanya kinyume, na mkate wake haulowi. Nyanya na bilinganya anazitia chumvi mapema kwenye bakuli, anaziacha zitoe maji, anayamwaga, kisha ndipo anazikaanga. Kama chumvi inavuta maji, si afadhali iyavute kabla ya kufika kikaangoni?

#13 Mpishi wa Zamu

Kwa bilinganya ninakubali. Kwa nyanya unamwaga ladha pamoja na maji. Mkahawani hatuna anasa hiyo.

#14 Mtama Kwetu

Ndugu zangu, mnahangaika na mkate na nyanya huku mhusika mkuu akipita katikati yenu bila kuulizwa. Kwa nini maharage? Mkoa wa Lindi na wa Mtwara ni nchi ya mbaazi, kunde na choroko. Maharage yanapenda baridi ya milimani, ndiyo maana tunayoyala hapa yanaletwa kutoka Songea, Mbinga na Mbeya. Yakifika yamekwisha kukaa ghalani, yakikutana na joto na unyevu wa pwani yanazidi kukomaa ugumu, na hapo unaweza kuyachemsha nusu siku ganda likabaki ganda. Maharage ya namna hiyo hayapondeki vizuri: nyama yake inabaki chenga na maji yanabaki maji. Ushauri wa Mwalimu wa kuponda theluthi unategemea maharage yaliyoiva kweli.

Mbaazi zina wanga unaoshikana. Ukizipika kwa tui, ukaliacha tui likauke hadi linang'ang'ania mbaazi, unapata kitu kinachokaa juu ya slesi bila kutiririka. Hata protini haipungui sana, kwa kuwa mbaazi kavu na maharage makavu yote yana takribani gramu 22 katika kila gramu 100. Na tukumbuke ya mwaka 2017, India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazonunua nje, bei ikaanguka na wakulima wetu wakabaki na magunia ndani. Zao ambalo sisi wenyewe hatulili mezani tunamwachia mnunuzi wa mbali aamue thamani yake.

#15 Dada wa Ligula

Mtama Kwetu, tulijua tu kwamba mtu wa Lindi akiingia kwenye uzi wa Mtwara ataondoka ameuza gunia. Lakini mbaazi kavu nazo zinahitaji kulowekwa na kuchemshwa kwa muda. Uharaka uko wapi?

#16 Mtama Kwetu

Uharaka uko pale pale ulipo kwa maharage: unapika siku moja, unakula siku kadhaa. Tena kiangazi, mbaazi zikiwa bado mbichi na za kijani, haziombi kulowekwa wala kungojwa. Unazimenya, unazichemsha muda mfupi, umemaliza. Na watu wa Mtwara mngepunguza maneno, maana mbaazi mnazozila zinatoka kwetu.

#17 Mkulima wa Newala

Zinatoka Newala na Tandahimba pia, tusinyang'anyane.

Kuhusu maharage yasiyoiva, kuna sababu nyingine isiyotajwa, nayo ni maji. Kisima tunachochota wakati wa kiangazi kinaacha utando mweupe ndani ya birika, na maharage yanayochemshwa kwa maji hayo yanagoma. Yale yale tukiyachemsha kwa maji ya mvua kutoka kwenye kisima cha kuhifadhia, ambacho huku uwandani karibu kila nyumba yenye bati inacho, yanaiva bila ubishi. Chokaa iliyomo kwenye maji inaimarisha ganda badala ya kulilainisha. Nyanya, ndimu na ukwaju vinafanya vivyo hivyo kwa uchachu wake. Kwa hiyo anayetia nyanya kwenye sufuria kabla maharage hayajaiva anajiongezea mkaa.

#18 Binti Masasi

Si utie magadi tu?

#19 Muuguzi Mstaafu

Magadi yanalainisha, ndiyo, lakini yanaharibu vitamini B1, na yakizidi yanaacha ladha ya sabuni. Kidogo cha chumvi kwenye maji ya kulowekea kinalainisha ganda pia, ingawa wengi wetu tumelelewa tukiambiwa kwamba chumvi inayafanya maharage kuwa magumu.

Nimeusoma uzi wote na nimeona wachangiaji wanazungumzia uharaka bila kutaja jambo ambalo haliwezi kuharakishwa. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini, na yakipikwa nusunusu yanaweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Dawa yake ni kuyaloweka kwa saa 5 au zaidi, kumwaga maji hayo, kisha kuyachemsha katika maji mapya yanayotokota kweli kwa dakika zisizopungua 10, na wataalamu wengine wanapendekeza 30, ndipo moto upunguzwe hadi yaive. Wanaobana matumizi ya mkaa kwa kuifunga sufuria kwa blanketi ndani ya kikapu wafanye hivyo baada ya kutokota huko, si badala yake, kwa kuwa joto la chini ya nyuzi 80 linaweza kuiongeza nguvu sumu hiyo badala ya kuiua. Ya kopo yamekwisha kupikwa, hayana hofu hiyo. Mbaazi na kunde zina kiasi kidogo sana cha sumu hiyo.

Jambo la pili ni haya maharage ya jana. Kwa joto la Mtwara, chakula kilichopikwa kisilale mezani. Kiingie kwenye jokofu ndani ya saa 2, na chenye tui kiingie mapema zaidi, kwa kuwa tui linachacha upesi. Msiseme mtachemsha upya, maana zipo sumu za vijidudu ambazo haziondoki kwa kuchemsha.

Jambo la tatu litawaudhi wapenda chai. Chuma kilichomo ndani ya maharage na mchicha ni cha aina ambayo mwili unakipokea kwa shida. Ndimu iliyokamuliwa juu ya chakula wakati wa kula, au hiyo hoho mbichi ya Mpishi wa Zamu, inasaidia. Chai ya rangi inazuia. Chai isogezwe mbele kama saa moja baada ya kula, hasa kwa wanawake wajawazito na wasichana.

#20 Fundi wa Chuno

Muuguzi, mkate bila chai! Hapo umetuhukumu kifungo.

#21 Mzee wa Mikindani

Mimi nitatumikia kifungo changu na chai yangu. Lakini turudi kwenye mkate, kwa maana ndio uliopoteza haki yake katika uzi huu. Wanaoweka mkate kwenye jokofu ili usiote ukungu wajue kwamba jokofu linauchakaza haraka kuliko meza: wanga wake unajikaza, mkate unakuwa mgumu huku maji yake yakiwa bado yamo. Ugumu huo si ukavu. Ukiuchoma unalainika tena, na mtu anashangaa. Kama ni kuhifadhi, uugandishe kabisa, ukiwa umeukata tayari, na uchome ukiwa bado na barafu.

#22 Kilwa Masoko

Nimechelewa kuingia. Juu ya mkate huo ningeweka kisamvu cha nazi na korosho zilizotwangwa badala ya mchicha. Ni kizito, hakitoi maji, na ladha yake inajulikana kwa kila mtu wa kusini.

#23 Muuguzi Mstaafu

Kilichobaki jana, sawa. Kibichi, hapana. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, ndiyo maana yanatwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa. Mtu asiyekuwa na robo saa ya kusubiri maharage hawezi kuwa na muda wa kisamvu.

#24 Kilwa Masoko

Nilikusudia cha jana.

#25 Mtama Kwetu

Bila shaka.

#26 Bi Shangani

Nimewasoma wote na nimefanya jaribio dogo nyumbani, nisije nikawasumbua kwa maneno matupu. Mkate ulikuwa mmoja, wa slesi, na maharage yalikuwa ya sufuria moja, yaliyopondwa theluthi kama Mwalimu alivyoagiza, na nyanya iliyokaangwa peke yake. Sahani ya kwanza nilifunika kwa kawa. Ya pili niliiacha wazi, nikamweka mtoto wa dada yangu apunge nzi kwa gazeti. Slesi ya tatu niliipoza juu ya wavu kwanza, ndipo nikapakua nikiwa mezani.

Ya kawa ililowa juu na chini. Ya wazi ililowa juu tu, chini ikabaki ngumu. Ya wavu ilidumu zaidi, lakini nilipofika nusu ya kula, katikati ilikuwa imelegea, ingawa kingo zilibaki kavu.

#27 Dada wa Ligula

Ninadhani Mwalimu atataka kusema neno.

#28 Mwalimu wa Ruangwa

Nitasema, tena jaribio hili linanitetea mimi. Katika hali zote tatu juu pamelowa, na kilichokuwapo juu katika hali zote tatu ni maharage. Kawa imeongeza tatizo; haikulizaa. Bi Shangani, ulilikoroga rojo hadi njia ya mwiko ikabaki wazi?

#29 Bi Shangani

Ilibaki wazi kwa kiasi. Nilikuwa na njaa.

#30 Mzee wa Mikindani

Katika hali zote tatu mkate pia ulikuwa ule ule wa slesi. Kama kinachojirudia ndicho mkosaji, basi na mkate umo kizimbani.

#31 Fundi wa Chuno

Na hewa ya Shangani, ambayo iko hatua chache kutoka baharini. Na gesi.

#32 Kilwa Masoko

Kwa nini asiukinge mkate? Kwetu tunapaka mafuta ya nazi kidogo pande zote mbili kabla ya kuchoma. Mafuta na maji havielewani, kwa hiyo mchuzi unashindwa kupenya. Ukitaka zaidi, twanga korosho zilizokaangwa, zile vipande vya bei nafuu zinatosha, uzilainishe kwa tone la mafuta na chumvi, kisha upake tabaka jembamba juu ya slesi ndipo maharage yafuate. Mla mboga tupu anapata na kitu cha kumshibisha.

#33 Mpishi wa Zamu

Tabaka la korosho ninaliunga mkono, tumewahi kulitumia na linafaa, ila gharama inapanda. Mafuta ya nazi nina shaka nayo. Yanaganda chini ya nyuzi 24 hivi, na kwa joto letu la mchana ni kimiminika; ukiyapaka yanafyonzwa na mkate badala ya kukaa juu na kuukinga. Siagi ya kopo, kwa kuwa inabaki nzito, inakinga vizuri zaidi.

#34 Kilwa Masoko

Kufyonzwa ndiko kunakotakiwa. Yakijaza matundu, mchuzi utaingia wapi?

#35 Mpishi wa Zamu

Hayajazi, yanapaka kuta za matundu tu. Halafu mkate unakuwa mzito wa mafuta na bado unalegea.

#36 Mkulima wa Newala

Mimi ninauliza kwa nia njema kabisa: nani aliamuru maharage yakae juu ya mkate? Mbaazi za nazi na maandazi tunakula kila kimoja kivyake, mtu anamega na kuchovya kwa kasi yake, na hakuna aliyewahi kufungua uzi kulalamika kwamba andazi limelowa. Weka maharage na mboga kwenye bakuli, mkate kwenye kisahani, umekwisha.

#37 Dada wa Ligula

Mkulima ametibu ugonjwa kwa kumfukuza mgonjwa.

#38 Bi Shangani

Nimecheka. Mkulima wa Newala, nikirudi usiku ninataka kula kwa mkono mmoja huku nikisahihisha madaftari kwa mwingine, kwa hiyo bakuli halinifai. Kesho kutwa nitaendelea. Jirani yangu anakwenda Mikindani, nimemwagiza boflo isiyo tamu kwa yule mwokaji wa tanuri la kuni, na nikiipata nitaipaka mafuta ya nazi kama Kilwa Masoko alivyosema, nichome kwa makaa badala ya gesi ili na Fundi naye aridhike, na sitafunika.

#39 Mwalimu wa Ruangwa

Bi Shangani, ukibadilisha mkate, mafuta, jiko na kawa kwa mpigo, mkate ukibaki mkavu kila mmoja hapa atadai ni yeye. Badilisha kimoja, vingine uviache vilivyo. Na uanze na rojo.

#40 Mzee wa Mikindani

Aanze na mkate. Boflo imekwisha kuagizwa.